Kungoja Kabla ya Sauti ya Juu

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: mtu wa nyumbani kwako akipiga piano nyuma ya pazia, uso wake huuoni, mkono wake huuoni, ungemjua?

Mbeyu alimjua. Alimjua hata kipande hakijafika katikati.

Walikuwa wamekaa waamuzi watatu mbele ya pazia la leso zilizoungwa, katika ukumbi wa kanisa pale Frere Town, waumini wamejaa vitini nyuma yao. Mmoja ni yeye Mbeyu, aliyelipigia kanisa hilo piano tangu ujana wake mpaka vidole vilipoanza kumgomea. Wa pili Erastus, mwalimu wa kwaya, mtu wa bara aliyeletwa Mombasa na kazi ya bandari kule Kipevu. Na Lynnette, binti aliyesomea muziki Nairobi. Nyuma ya pazia vijana watatu walipiga kwa zamu kipande kile kile cha mtunzi Chopin, cha polepole, na atakayeshinda kanisa lingempeleka Nairobi akasomee piano. Leso zilitundikwa kuzuia upendeleo, maana watu wa hapo wameoleana na kusimamiana ubatizo hata huwezi kumhukumu mtu asiwe jamaa yako. Sheria ilikuwa moja: mwamuzi akimtambua mtu wake, aseme.

Wa kwanza alipiga mbio, safi, bila kukosea, kama anayefagia uwanja kabla mgeni hajaingia. Lynnette alimsikiliza huku akitazama kucha zake.

Huyu wa pili sasa ndiye Velma, mjukuu wa Mbeyu, aliyemlea tangu hajaota meno. Mkono wa kushoto ulikwenda chini chini, kama mtu apitaye karibu na chumba alicholala mtoto mchanga. Wa kulia ukapanda, ukapanda, na kabla ya sauti ya juu kabisa, ukasimama. Ukangoja. Ukumbi mzima ukangoja nao. Kisha sauti ikadondoka, laini, na Erastus akafumba macho.

"Mama wee," akanong'ona.

Mombasa nzima hakuna aliyewahi kungoja vile ila Mbeyu mwenyewe. Alishika ukingo wa meza. Akisema, atatolewa. Asiposema, na lile pazia lote litakuwa la nini? Alikumbuka mtoto anavyofanya mazoezi mpaka chakula kinapoa, akafunga mdomo.

Wa tatu alianza vibaya. Alibonyeza noti isiyo yake, akaendelea bila kuomba radhi. Mkono wake wa kushoto haukunyata. Ulitembea kifua mbele. Sauti ile ya juu aliigusa tu, akashuka, na kule chini kwenye sauti nzito, ambako wengine wote hupita kama wanakimbia mvua, yeye ndiko alikokawia. Mbeyu alikuwa amekipiga kipande hicho miaka na miaka, na hakuwahi kujua kwamba kule chini kuna kilio.

"Wa pili," alisema Erastus, piano haijanyamaza vizuri. "Hakuna cha kujadili. Kungoja kule! Ndivyo kipande kinavyotakiwa."

"Kinatakiwa na nani?" Lynnette akamgeukia. "Nimewasikiliza wapigaji wakubwa. Mmoja hukimbia, mwingine hujikokota, lakini sijasikia anayesimama pale. Mimi nasema wa tatu."

"Wa tatu amekosea noti!"

"Amekosea moja. Wa kwanza hakukosea hata hiyo, na umeshamsahau."

"Dada, usituletee maringo ya Nairobi hapa."

"Na wewe usituletee usingizi. Ulifumba macho, nilikuona."

Wakabaki wanatazamana kama majogoo. Kisha wote wawili wakamgeukia Mbeyu.

"Mwalimu," Lynnette akasema kwa heshima, "neno limebaki kwako."

Nyuma ya leso, Mbeyu alijua, wale watatu wameketi kwenye benchi moja, wanasikia kila kitu.

"Wa pili ni mjukuu wangu," akasema.

Benchi likalia kwa nyuma.

"Basi, mama, sheria..." Erastus alisema kwa shingo upande. "Itabidi utoke."

"Sheria imewekwa nisimpendelee. Sitampendelea."

"Utampinga? Damu yako?"

"Nitasema nilichosikia. Kungoja huko unakokupenda, Erastus, si kwa Chopin. Piano yetu ya zamani ilikuwa imeingiwa na unyevu wa bahari. Kibonyezo cha sauti ile ya juu ukikivamia, hakilii. Nilikuwa nakibembeleza, huku namwomba Mungu kilie. Watu wakaona raha. Hata mimi nikaona raha, nikamfundisha mtoto. Leo amepiga piano nzima, haina ugonjwa wowote, na bado amengoja. Nimesikia mikono yangu. Velma sikumsikia. Huyo wa tatu simjui ni mtoto wa nani, lakini yeye nimemsikia."

"Kwa hiyo wa tatu?" Lynnette akauliza polepole.

"Wa tatu."

Pazia likavutwa. Aliyeshinda alikuwa Munga, kijana mwembamba wa Chaani, amesimama hajui acheke au akimbie. Velma hakulia. Alimpa Munga mkono, akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti mpaka mezani, na watu wakampisha kama wanavyompisha mwenye msiba.

"Bibi."

"Abee," Mbeyu akaitika, kama kwamba yeye ndiye mtoto.

"Unajua ninavyokipiga ukienda sokoni?"

"Sijui."

"Huwezi kujua. Nikijaribu kivyangu nawe uko nyumbani, sijafika hata nusu, unaita kutoka jikoni: rudia! Naanza tena: rudia! Leo nimepiga chako kwa sababu nilijua ni wewe umekaa hapa. Halafu unaniambia hukunisikia."

Erastus aliinama akawa anakunja kofia yake.

"Ulitaka nini, Velma?" Mbeyu akauliza. "Niambie mwanangu. Ulitaka nini?"

"Nairobi nilitaka, sitakudanganya. Lakini kabla ya Nairobi, bibi, nilitaka siku moja tu uniache nifike mwisho."