Bibi Harusi Aliyeketi

Nilikuwa na hadithi mbili nzuri, na nasema nzuri kwa sababu nilizitunga mwenyewe na sina mpango wa kujishusha. Jarida jipya la mkoa, kule Babati, lilitaka hadithi moja tu kwa kila mwandishi katika kila toleo, na basi la kubeba bahasha yangu lingepita hapa Basotu kesho yake asubuhi. Miaka kumi na moja nafundisha hapa. Nilitaka watu wanijue kwa kalamu, angalau mara moja, wasinijue tu kwa lile jambo langu.

"Nianze na ipi?" nikamwuliza mume wangu, Gerald. "Ya dereva wa shamba la ngano aliyekwenda kuposa na kombaini, au ya mrina asali wa Yaeda Chini aliyewashinda maneno wachuuzi wa Mbulu?"

Gerald akapuliza chai yake. "Anza na ya bibi harusi aliyeketi."

"Gerald, nyamaza!"

"Si umeuliza, mwalimu? Mimi nimejibu."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mimi Mwiraqw wa Mbulu, nimeolewa kwa Wabarbaig. Kwao bibi harusi akifika kwa wakwe husimama langoni, haingii mpaka baba mkwe amtajie ng'ombe atakayempa awe wake. Akiingia, haketi mpaka atajiwe mwingine. Hata maziwa hanywi bure. Sasa mimi nani aliniambia? Nilitoka kanisani Mbulu kwa Land Rover ya kukodi, viatu vipya vimenichubua, nikashuka, nikapita lango, nikaona kigoda, nikaketi. Nikavua viatu. Nikaomba maji! Mbele ya ukoo mzima, jamani, bila kutajiwa hata ndama.

Basi imekuwa nongwa. Hata kwenye kikao cha wazazi lazima atokee mtu anivutie kiti, aseme, "Keti mwalimu, wewe huna gharama." Na kinara wa kunicheka ni mama mkwe wangu, mjane, anayekaa boma la jirani. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnagombania nini?"

Gerald, mbea yule, akamweleza yote. Nikajiandaa kusikia kile kicheko chake. Hakucheka. Alimtuma Gerald akaangalie ndama, kisha akavuta kiti karibu na daftari langu.

"Hiyo hadithi huijui yote," akasema. "Mwaka ule wa harusi yenu ugonjwa wa ndigana ulitumalizia ng'ombe. Watu walidhani ng'ombe wetu wako malishoni, huko chini ya Hanang. Hawakuwepo. Tulibaki na mbuzi. Mzee hakutaka mtu ajue, hata Gerald. Siku tatu kabla ya harusi hakula. Angekutajia ng'ombe yupi? Aseme uongo mbele ya ukoo? Tulisimama pale langoni tunakungoja kama watu wanaongoja hukumu. Ukashuka garini, ukapita, ukaketi."

"Nikaomba maji," nikasema.

"Ukaomba maji. Mzee alikwenda nyuma ya nyumba, akalia."

Loo! Nilimhurumia yule mzee, na nikaona haya pia, maana miaka yote hiyo nilikuwa nimemnunia huyu mama kimoyomoyo. Nilimkumbuka baba mkwe alivyokuwa akinipokea kila nikienda kwake, anapangusa kiti kwa mkono wake mwenyewe. Nilidhani na yeye ananitania.

"Sasa mama, mbona wewe ndiye uliyenicheka kuliko wote?"

"Ningefanyaje? Siku ileile walianza kuulizana kwa nini mzee hakukusimamisha. Nikacheka mimi kwanza, kwa sauti. Wakaanza kucheka ujinga wako, wakaacha kuulizia zizi letu."

"Na nikiiandika watajua."

"Watajua."

"Watasema nyumba hii ilioa bila ng'ombe."

"Mzee amelala, hana tena cha kuficha. Na hakuwahi kukushukuru, alishindwa aanzie wapi." Akainuka, akajifunga vizuri shuka lake. "Andika hiyo kwanza, mwanangu. Mimi nimechoka kukucheka."