Utepe Shingoni

Fundi cherehani alikuwa mtu wa kuona haya kusumbua watu. Hata saa chache baada ya kupasuliwa shingo kwa mbele, ili kiondolewe kipande cha mfupa kilichobana mishipa ya fahamu, alimwomba muuguzi radhi kwa kumpa kazi.

Mkewe, aliyeshona naye mashati kwa miaka ishirini, aliketi kando ya kitanda. Muuguzi alikuwa amemwonya: "Mama, shingo ikivimba, sauti ikibadilika, au akishindwa kumeza, niite mbio. Damu ikijikusanya ndani humziba mtu pumzi."

Basi mke akatoa utepe wa kupimia mkobani, akauzungusha juu kidogo ya bandeji. Sentimita thelathini na tisa.

"Unanishonea shati au sanda?" fundi alinong'ona.

"Nyamaza. Ulimi wako mrefu kuliko huu utepe."

Baada ya saa moja, arobaini. Nusu saa tena, arobaini na mbili. Akamnywesha maji, yakamtoka pembeni mwa mdomo.

"Namwita sista."

"Acha, mke wangu... watu wana kazi." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Kisha akamshika mkono. "Juzi nilimeza aspirini. Jino. Walinikataza, eti huzuia damu kuganda... nikaficha, nikaogopa wataahirisha upasuaji."

Mkewe hakungoja amalize. Alitoka mbio, utepe ukiburutika sakafuni.

"Uvimbe kidogo ni kawaida, mama," daktari wa zamu alisema akimfuata.

"Daktari, napima shingo za watu tangu usichana wangu. Imeongezeka sentimita tatu. Na alimeza aspirini, akawaficha."

Daktari alimkuta fundi akivuta pumzi kwa mabega. Hakuuliza zaidi. Alikata nyuzi za kidonda palepale kitandani, damu ikamwagika, wakamkimbiza kurudi chumba cha upasuaji. Mkewe alisimama ukumbini, akiukunja utepe na kuukunjua.

Jioni fundi alifumbua macho. "Umenisumbulia watu," alikwaruza.

"Nitawasumbua tena."

Sauti ile haikupona sawasawa. Wateja walimtania kuwa amemeza msasa. Naye kila aliposikia mtu anakwenda kupasuliwa, alimfuata hadi kwake: "Mwambie daktari kila kidonge, hata cha jino."

Alikaa hivyo miaka saba, hadi maradhi ya moyo yalipomchukua. Watoto wakimkumbuka huiga sauti yake ya zamani, ile nene ya kuimbia cherehani. Mama yao hucheka nao. Lakini anayoitamani yeye ni ile ya kukwaruza, iliyomwita kila asubuhi katika miaka saba ambayo nusura wasiipate.