Kiti cha Faustin

Mdomo wangu unajulikana kambi nzima, na sikatai. Ndiyo maana mwaka ule wa 1948, Faustin alipofia mgodini, mjane wake Honorine alikuja kwangu mimi jirani, hakwenda kwa padri.

Sheria ya kampuni ilikuwa moja: mfanyakazi akifa, nyumba anapewa mwingine, na mjane anapakiwa kwenye lori arudishwe kwao. Kwao Honorine ni Pweto, ziwani. Lakini binti yao Annie, wa miaka kumi na miwili, alikuwa hospitalini akitibiwa kifua, na daktari alikataza asisafirishwe. Honorine angemwachia nani? Hapa Élisabethville hawakuwa na ndugu hata mmoja.

"Dada, mi sitaki kuenda," aliniambia. "Mutoto akipona, tutaenda bote. Unisaidie kusema bongo."

Uongo wenyewe ulikuwa wa watu wa ziwa. Kwao, marehemu akirudi nyumbani huketi kwenye kiti chake na kukiacha kimelowa maji. Basi kila asubuhi Honorine alikimwagia maji kiti cha Faustin, nami nikaenda bombani kufanya kazi niliyoumbiwa. Nilitia chumvi: nilisema nimesikia kikohozi chake, nimenusa tumbaku yake. Nilifurahia, Mungu anisamehe.

Chola, aliyepewa nyumba ile, alikuja mchana na mkewe na mizigo yao. Mkewe alikigusa kiti, akatazama kiganja chake, akatoka nje.

"Hii nyumba iko na mwenyewe," alisema.

Walirudi walikotoka. Wa pili hakufika hata mlangoni. Mkuu wa kambi alitutukana sote kwa Kifaransa, kisha akaacha kuigawa nyumba ile. Wiki tano Honorine alipeleka uji hospitalini kila siku, na mashavu ya Annie yakaanza kujaa.

Siku moja nilikwenda naye. Annie alikuwa amegeukia ukuta, na uji wa jana ulikuwa bado kwenye bakuli. Mfagiaji wa hospitali, ambaye mkewe huteka maji bomba moja na mimi, alikuwa amemweleza habari za kiti.

"Mama, juu ya nini haukuniambia Baba alikuya?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Honorine alinipa nusu ya hadithi. Nusu nyingine alitupa Annie, kama alivyofundishwa na bibi yake huko Pweto: marehemu haketi bure, anamngoja mtoto aliyempenda, wala hatoki mpaka aondoke naye.

Honorine alipiga magoti. "Haiko Baba. Njo mimi nilimwanga maji. Uliza huyu."

"Kweli, mwanangu," nilisema. "Tulidanganya, mama yako na mimi." Niliapa kwa Bikira Maria, nikaapa kwa watoto wangu.

Annie alitutazama kwa huruma, kama sisi ndio wagonjwa.

"Munasema vile nisiogope," alisema. "Sina boga, Mama. Baba alikuwa ananipenda."

Tangu siku hiyo hakula. Daktari alimsihi, sista alijaribu kumlisha kwa kijiko, uji ukamtiririka kidevuni. Nilimchukia yule mfagiaji, kisha nikajichukia mimi, na chuki hiyo ninayo mpaka leo.

Alituomba kitu kimoja tu: gauni lake la komunyo, asiende kwa baba yake na shati la hospitali. Honorine alikataa siku tatu. Siku ya nne alilileta, limepigwa pasi.