Bangili ya Mama, Pete za Kijana

Bangili ilikuwa imekwama mkononi mwa mama tangu viungo vyake vilipoanza kuvimba. Sabuni ilishindwa, mafuta yalishindwa. Binti yake, sonara aliyezeekea kwenye kazi hiyo, hakuwa na haja ya kuitoa. Lakini mwanawe alitaka kuoa, na alishamwahidi mchumba wake kwamba pete zao zitatokana na dhahabu ya ukoo, si ya dukani.

"Bibi," kijana alisema akipiga magoti mbele ya kiti, "nipe bangili yako nitengenezewe pete za harusi."

Kikongwe alimtazama, akamwekea sawa kola ya shati. "Ukitaka wewe, mume wangu, chukua. Nimewahi kukunyima nini?"

Wote wakavunjika mbavu. Bibi gani asiyemwita mjukuu wake mume? Mchumba wa kijana, mchoro wa pete mapajani, akadakia, "Jamani, kumbe nina mke mwenza!" Kikongwe naye akacheka, ila alichelewa, akacheka baada ya wengine. Sonara aliliona hilo akalipuuza. Furaha ilikuwa imepiga hodi baada ya muda mrefu, na nani anataka kuitia mchanga?

Maana hali ya mama haikuwa nzuri. Watu walikuwa wanamtoka kichwani mmoja mmoja, majirani, ndugu, hata dada yake wa tumbo moja. Aliyebaki ni binti yake. Kila asubuhi alimwita "mwanangu" kabla hajafumbua macho vizuri, na sonara aliishi kwa neno hilo. Siku litakapokoma, alijua, na yeye atakuwa amekwisha.

Alipitisha kipande cha ngozi kati ya bangili na mkono, akakata kwa msumeno mwembamba, polepole, asimguse. Mama alitulia kama mtoto anayenyolewa. Vipande vikaingia kwenye kikombe cha kuyeyushia, moto wa gesi ukavilamba mpaka vikawa tone moja linalozunguka. Akapata pete tatu, moja ya uchumba yenye jiwe dogo na mbili za ndoa, kama mchoro ulivyotaka. Zilikuwa nzuri. Mchumba aliivaa yake siku hiyohiyo.

Kesho yake mama alikuwa anaupapasa mkono wake mtupu. "Mwanangu, baba yako hajarudi?"

"Baba?"

"Si aliichukua bangili yangu hapa, mbele yenu? Alisema anaipeleka ipanuliwe, inanibana. Nyinyi mkawa mnacheka tu."

Baba yake sonara alikufa kabla mjukuu hajazaliwa. Kijana alichukua sura yake yote, pua, mabega, hata namna ya kupiga magoti. Siku ile hapakuwa na utani. Mama alimpa mumewe bangili, na wao wakamvua wakicheka.

Alijaribu kusema kweli. Alimwekea pete kiganjani akamwambia ndiyo hiyo. "Nakuuliza bangili, unanionyesha pete," mama alisema, akaitupa. Toka hapo akaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Akiletewa uji, anaunusa kwanza. Asubuhi akiamka, kimya. Wahenga wana msemo wao kuhusu majuto na mjukuu. Jirani alipoanza kuutamka, sonara alimfungia mlango.

"Ziyeyushe tena, mama," kijana alisema mwishowe. "Dhahabu si ni ileile?" Mchumba wake alivua pete, akaiweka mezani, akaenda kusimama nje. Sonara akaziyeyusha zote. Alifua bangili upya kwa kumbukumbu ya mikono yake, pana kidogo ipite viungo vilivyovimba, akaitia hata yale mabonde madogo aliyoyaacha kwa kuitafuna alipokuwa anaota meno. Alifanya kazi akilia, na hakujali nani anamwona.

Mama aliivaa. Akaizungusha, akaivuta, ikatoka bila shida.

"Hii ya nani?" aliuliza. "Yangu haitoki."

Akaiweka chini. Kisha akamwashiria sonara asogee, akamshika mkono kwa upole ambao hakuwa ameuonyesha kwa muda mrefu, na sonara, kwa ujinga wa mwenye njaa, akadhani amerudiwa.

"Wewe fundi una uso wa huruma," mama alinong'ona. "Nikuambie siri. Nina binti, naye ni sonara kama wewe. Ndiye aliyeniibia. Alikuwa mtoto mzuri yule, sijui nani kamharibu. Akija hapa usimfungulie."

Mama akaubana mkono wake, akisubiri.

"Niahidi."

"Sawa, bibi," sonara alisema. "Simfungulii."

Mama yake akamshukuru.