Kozi ya Kunyamaza

"Toka mbele ya mkokoteni, wifi."

"Sitoki. Mpaka uniambie unahamia kwa nani."

"Sihamii kwa mtu. Nimepanga chumba."

"Chumba chenye nini ambacho hiki hakina? Maji hapa yapo, umeme upo, choo nimekipiga sakafu mpya juzijuzi. Au kuna mwanamume amekupangia? Sema tu, mimi si mtu wa kupeleka maneno."

Mzee wa mkokoteni, aliyekuwa amekwisha kuifunga cherehani kwa kamba za mpira, alikohoa. Alikuwa hajakaa sana pale getini, lakini hilo la mwisho hata yeye alijua ni uongo.

Bi Spika alikuwa ameziba geti zima, mikono kiunoni, kama kabati lililokwama mlangoni. Jina hilo alipewa na mtaa kwa kejeli, naye akalipokea kama cheo. Aliyekuwa anahama ni Fundi, mke wa marehemu kaka yake. Baada ya mazishi, Bi Spika ndiye aliyemleta kwenye chumba cha uani, ukuta kwa ukuta na jiko lake. Ndiye aliyemchagulia cherehani. Ndiye aliyemtafutia kazi ya kushona sare za shule, na ndiye aliyemfukuza yule muuza matairi aliyekuwa haishi kuleta suruali ambazo hazikuhitaji kupunguzwa. Miaka yote hiyo walianika nguo kamba moja na kupakua sufuria moja. Habari ya mtaa haikuiva mpaka Bi Spika ampelekee Fundi, na Fundi, pini mdomoni, aseme, "Ehee, kisha?"

Leo mtu huyohuyo anahama mchana kweupe, bila hata kuaga. Na dirishani ghorofa ya juu, pazia la jirani lilikuwa limefunguka upana wa jicho moja.

Ndipo Bi Spika akakumbuka kozi.

"Haya," alisema, akilainisha sauti kama daktari wa redioni. "Unajisikiaje kuhusu uamuzi huu?"

Fundi alimkazia macho. "Nini?"

"Ukiutazama kwa macho ya mtu mwingine, unaona nini?"

"Namwona mwanamke mzima amesimama mbele ya mkokoteni wangu."

"Na ukijipima kuanzia moja mpaka kumi—"

"Wifi, una homa?"

"Umeona," Bi Spika alimgeukia mzee wa mkokoteni, kana kwamba ni shahidi wake. "Ndiyo maana nasema ile kozi ni upuuzi."

Kozi yenyewe hakwenda kwa hiari, alipelekwa. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, na wasichana wake walikuwa wakiacha kazi mmoja baada ya mwingine, wote kwa sababu ileile: mdomo. Mkuu wake akamwambia achague, ama kozi ya ukocha ya jioni kwa watu wazima, ngazi ya utangulizi, ama arudi kupiga pasi. Bi Spika aliuliza ni ukocha wa mpira gani. Akaambiwa si wa mpira, ni wa kumsaidia mtu apate jibu lake mwenyewe. Alicheka mpaka akashikilia mashine ya kukaushia. Kama watu wangekuwa na majibu yao wenyewe, alisema, wangekuwa wanaishi hivi wanavyoishi?

Walisomea katika darasa la shule ya msingi, watoto wakishaondoka. Watu wazima walijipachika kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yakigusa videvu, na ukutani mbele yao tembo mmoja aliyechorwa vibaya akiwafundisha herufi T. Mwalimu alikuwa kijana mwenye suti iliyombana kama ngozi ya soseji. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuwa hata na mpangaji wa kumtia adabu. Alifundisha kwamba kocha hatoi ushauri. Kocha anauliza swali la wazi, lile lisilojibika kwa ndiyo wala hapana, kisha ananyamaza.

"Kimya ni chombo cha kazi," alisema, akanyamaza ili waone. Na kundi zima la watu wenye watoto na wakwe likakaa kimya likimtazama kijana anayelipwa kwa kutosema kitu.

Walipogawanywa wawiliwawili wafanye mazoezi, Bi Spika aliangukia kwa bwana mmoja wa benki, aliyevaa tai hata jioni. Bwana huyo alisema ana shida ya usingizi. Bi Spika alimwangalia mara moja tu, akamwambia apunguze kahawa na aachane na yule mwanamke wa pili. Bwana wa benki hakuwa amemtaja mwanamke wa pili. Alibadilika rangi, akaomba kwenda chooni, na jioni hiyo hakurudi.

"Hapo umetoa hukumu," Kijana wa Suti alimwambia. "Ukocha haujaanza."

"Lakini ni kweli au si kweli?"

"Hilo si swali la wazi, mama."

Alimdharau tangu hapo. Lakini kijana huyo ndiye aliyeshika cheti, na bila cheti pasi ilikuwa inamngoja. Kazi ya nyumbani ya juma hilo ilikuwa moja: zungumza na mtu wa kweli juu ya jambo la kweli, uliza tu, usishauri, kisha uje useme kilichotokea.

Basi pale getini likamjia wazo, tamu kwa ubaya wake. Angefanya vilevile alivyofundishwa, bila kupunguza wala kuongeza. Wifi yake angenuna au angetukana, na Alhamisi angesimama mbele ya yule tembo awaambie wote kwamba wamechezewa akili.

"Unataka nini, wifi?" aliuliza. Kisha akafunga mdomo.

Kumbe kunyamaza ni kazi ya kubeba mizigo. Kazini kwake mashine zilinguruma kutwa, na penye upenyo aliujaza mwenyewe. Hapa palikuwa na maji yakidondoka bombani tu, na mzee wa mkokoteni akijikuna shingo. Maneno yalimpanda Bi Spika kooni yakasukumana. Pazia la ghorofani likafunguka upana wa macho mawili. Fundi alisubiri lijalo, kama mtu anayesubiri mvua iliyozoea kunyesha kila siku saa hiyohiyo. Halikuja.

"Nataka mlango," Fundi alisema hatimaye, polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. "Mlango ambao mtu akitaka kuingia anabisha. Nataka kushona magauni. Sare nimezichoka, wifi, nikifumba macho naona kola. Nataka nikicheka na mtu, isifike jioni mtaa mzima umejua meno yake yana pengo wapi." Akavuta pumzi. "Na nataka kupika chakula changu. Chumvi ikizidi, izidi. Nikile hivyohivyo, bila mtu kuonja na kutikisa kichwa."

Bi Spika alikuwa na jibu la kila kimoja. Magauni hayalipi. Mlango alikuwa nao, nani alimkataza kuufunga? Na chumvi kweli alizidisha, miaka yote, nani angevumilia? Majibu yote yalikuwa mazuri. Lakini kabla hajachagua la kuanza nalo, miguu yake ilikuwa imekwisha kusogea pembeni, bila kuomba ruhusa.

Mkokoteni ukapita. Fundi hakugeuka nyuma.

Alhamisi darasani Bi Spika aliambiwa kuwa ameshinda. Kijana wa Suti alisikiliza taarifa yake huku macho yanang'aa, kisha akawataka wote wapige makofi.

"Umefanikiwa," alisema.

"Nimefanikiwa nini? Amehama."

"Mteja amefikia uamuzi wake mwenyewe."

"Mteja ni mke wa kaka yangu."

"Na wewe hilo linakufanya ujisikie vipi?" kijana aliuliza, akanyamaza, shingo kaipinda upande kama kuku anayesikiliza. Bwana wa benki alikuwa wa mwisho kuacha kupiga makofi. Bi Spika aliwatazama mmoja mmoja pale kwenye madawati ya watoto, akaona hajapata kuketi na watu wapumbavu kiasi kile wakiwa wengi hivyo mahali pamoja. Cheti alikiona kinakuja. Hakikumtia hamu.

Jumapili nyumba yake ilijaa kama kawaida. Walikuja binamu, walikuja wapangaji, alikuja hata jirani wa ghorofani, aliyekula mara mbili na kuuliza, kwa sauti ya huruma ya uongo, kama Fundi ameshazoea huko. Bi Spika alimjibu kwa kumwongezea mchuzi wenye mfupa mtupu. Alikuwa na habari mpya, tena ya moto: jirani huyohuyo alikuwa amemrudisha mume ambaye yeye mwenyewe aliapa mbele ya mtaa kwamba hatamrudisha. Alimdokeza binamu. Binamu akasema, "Mume yupi?" Habari ikafa palepale. Ingemchukua kutwa kumweleza mwanzo wake, na mwanzo wake waliujua watu wawili tu duniani.

Aliwaacha na masufuria yao, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka.

Chumba cha Fundi kilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomea vyuma. Ngazi chafu. Dirishani pazia la zambarau, rangi ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuitundika panapoonekana na watu. Mlango ulikuwa mpya, wa mbao, umefungwa. Bi Spika alitazama kitasa. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kubisha kwa wifi yake; aliingia akiwa katikati ya sentensi. Alibisha.

Fundi alifungua, mwiko mkononi. Nyuma yake gauni la njano lilining'inia ukutani, nusu limeshonwa, na kiti kimoja kilikuwa mezani.

Alimtazama Bi Spika, wala hakusema kitu. Sasa zamu ya kunyamaza ilikuwa yake, na bila kozi yoyote aliifanya vizuri kuliko yule kijana na suti yake. Bi Spika alikuwa na la kusema juu ya pazia. Alikuwa na la ngazi, la moshi wa karakana, na la mshono wa bega la lile gauni, uliokwenda mrama. Aliyameza moja moja kama vidonge bila maji.

"Nimekuja kuuliza," alisema, "siku gani unapokea wageni."

Maji yalichemka jikoni. Fundi aligeuka akapunguza moto, akarudi mlangoni, akasimama. Macho yake yalishuka mpaka kwenye viatu vya Bi Spika, ambavyo vilikuwa bado nje ya kizingiti.

"Umekula?"

"Nimepika. Sijala."

Fundi alivuta ndoo kutoka chini ya meza kwa mguu, akaipindua iwe kiti cha pili.

"Ingia basi tule, wifi," alisema. "Chumvi imezidi."