Winchi Hashuki

Saa nane na nusu mchana wa Jumanne, mwanamke mwendesha mashine ya sinema alifuta lenzi kwa kipande cha foronya kuukuu, akapuliza vumbi, akachungulia ukumbini kupitia kidirisha chake. Viti vya mbele vilikuwa vimeshajaa makuli wa ghala la saruji. Walikuwa wametoka zamu ya asubuhi bila kupitia nyumbani, wa kijivu toka kope hadi kandambili, na kila mmoja alikuwa amekaa upandeupande kama mtu mwenye jipu. Wa katikati, mwenye mabega mapana kuliko kiti, alikuwa kaka yake.

Jumba lile la sinema lilionyesha filamu za sayansi ya kubuni peke yake, na lilikuwa na mambo yake. Kwenye ile ya sayari yenye majua mawili, jua la pili lilipochomoza watu walivua makoti, na waliosahau kofia walitoka wamebabuka pua. Kwenye ile ya mji uliojengwa chini ya bahari, kioo kilipopasuka, safu tatu za mbele zilirudi nyumbani na viatu vilivyolowa. Ndiyo maana watu waliendelea kununua tiketi ingawa filamu hizohizo zilikuwa kwenye simu zao.

"Kwenye simu unaona," alikuwa akisema mwenye jumba. "Hapa unafikiwa."

Kilichopendwa kuliko vyote ni kipande cha dakika ya arobaini na moja, katika filamu ya chombo kilichokuwa safarini kwenda nyota ya mbali. Fundi wa chombo, mwanamke mwenye mvi, anatoka nje kurekebisha mtambo, kamba inakatika, naye anaelea gizani bila muziki wala neno kwa dakika kumi na moja. Uzito unamtoka. Ukumbini nako uzito ulikuwa ukiwatoka watu. Walinyanyuka vitini kiasi cha dhiraa moja, wengine mbili, pamoja na mikoba yao na bisi zao. Feni za dari ziliondolewa mwaka wa kwanza, baada ya mwalimu mmoja kupoteza wigi. Wengi walishikilia kiti cha mbele. Makuli hawakushika kitu. Walifumba macho, wakaacha miguu ining'inie, na mwendesha mashine aliwasikia migongo ikifunguka, pingili moja baada ya nyingine, kama mtu anayevunja vijiti vikavu.

Winchi ya ghala ilikuwa imeharibika miaka sita iliyopita. Msimamizi aliwaambia makuli kwamba kipuri kiko njiani, wabebe kwa mgongo kwa muda. Siku hiyo kaka mtu alibeba mifuko mingi kuliko wenzake wote, wakambandika jina la Winchi, naye akacheka. Baada ya mwaka mmoja hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Alipokwenda kwa daktari wa kampuni, daktari alimgusa kiunoni kwa vidole viwili, akaandika: Mgongo mzima. Arudi kazini. Aliandika hivyo kwa kila kuli aliyefika, mpaka mkono ukamchoka, akachongesha muhuri wenye maneno hayo.

Jumanne hiyo kipande kilikwisha kama kawaida. Fundi mwenye mvi alidaka mlango wa chombo, muziki ukarudi, watu wakashuka vitini mwao. Winchi hakushuka. Alikuwa amepanda mpaka darini, karibu na doa la maji, akalala kifudifudi hewani, kidevu juu ya mikono. Filamu iliendelea hadi mwisho. Taa ziliwashwa, watu wakatoka, na mwendesha mashine akaja na ufagio.

"Kaka, shuka nifagie."

"Fagia tu. Sijamwaga kitu."

"Filamu imeisha."

"Najua. Nimeitazama yote."

"Sasa?"

"Sasa sishuki."

Mwendesha mashine alimjua kaka yake. Akafagia.

Kesho yake asubuhi alikuja mke wa Winchi, fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni. Alizitoa zile pini, akazichomeka kwenye kola, akainua uso.

"Umekula?"

"Wifi yako kanirushia mkate."

"Panauma?"

"Hapaumi."

Mke alikaa kwenye kiti cha safu ya tatu. Kwa miaka mitano alikuwa akimgeuza mume wake kitandani kila alfajiri, akimsukuma bega na nyonga kwa pamoja, kama watu wanavyosogeza kabati. Hakulia. Alimuuliza atashuka lini.

"Winchi ikitengenezwa."

"Ile ya ghala?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Basi ngoja nikuletee shuka."

"Nimeshasema sishuki."

"Shuka la kujifunika, baba watoto."

Winchi alicheka, na kicheko kikamsogeza kidogo kuelekea kidirisha cha mashine. Mchana mke alirudi na shuka, suruali aliyoishonea vifuniko vya mifuko ili vitu visiwadondokee wateja, na kapu dogo lenye kamba ndefu ya kupandishia chakula. Winchi alijifunga ncha moja ya kamba kiunoni.

Siku ya tatu alifika msimamizi wa ghala, na ngazi, na daktari, na barua. Barua ilisema kuwa mfanyakazi ameonekana hayupo. Msimamizi aliisoma kwa sauti akitazama juu, kofia ikamwanguka. Daktari alipanda ngazi, akamgusa Winchi kiunoni kwa vidole viwili. Kisha, kwa kuwa alikuwa huko juu na hakupenda kushuka haraka, akagusa tena kwa kiganja kizima. Pingili zote zilikuwa mahali pake. Akapiga muhuri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muhuri ule kusema kweli.

"Umesikia?" alisema msimamizi. "Mgongo mzima. Rudi kazini."

"Huku juu ni mzima," alijibu Winchi. "Uliuvunjia huko chini."

Msimamizi akamgeukia mwendesha mashine, akamwamuru aizime hiyo filamu yake ili mtu ashuke.

"Mashine imezimwa tangu jana, bosi. Nenda kaiguse, imepoa. Huyu yuko huko kwa hiari yake."

Wakati huo zamu ya asubuhi ilikuwa imetoka, na makuli kumi na wawili walikuwa wakiingia kwa ajili ya onyesho la saa tisa. Msimamizi aliona kamba ya kapu ikining'inia, akawaonyesha kwa kidole.

"Mvuteni."

Walijipanga kwenye kamba mmoja nyuma ya mwenzake. Walikuwa watu wa kubeba mfuko kila bega. Wangeweza kuing'oa dari yenyewe. Wa mwisho kwenye mstari, mfupi kuliko wote, aliuliza:

"Tukishamvuta tunampeleka wapi, bosi?"

"Kazini. Kwani wapi?"

Yule mfupi alifikiri. Kisha akaachia kamba, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Aliyekuwa mbele yake akaachia pia. Waliachia hivyo mmoja mmoja, bila kuambiana, mpaka kamba ikabaki ikicheza hewani peke yake.

"Atakayekaa, kesho hana kazi!" alisema msimamizi.

Wote walikuwa wameshakaa.

"Anza filamu, dada," alisema yule mfupi.

Kwenye jumba lile, filamu ikianza milango hufungwa, na hapakuwa na aliyewahi kufunguliwa kwa sababu ya cheo. Msimamizi na daktari wakatafuta viti.

Ilipofika dakika ya arobaini na moja, msimamizi alielea naye, kwa sababu kipande kile hakikuwa na ubaguzi. Barua ilimtoka mkononi ikapaa. Faili lake lilifunguka, karatasi zikatawanyika juu ya vichwa vya watu kama kuku waliofunguliwa banda. Yeye alishikilia kiti kwa mikono miwili, miguu ikiwa juu, tai ikiwa usoni.

"Achia, bosi," Winchi alimwambia toka darini, kwa upole. "Hakuna cha kubeba."

Msimamizi hakuachia. Alishikilia dakika zote kumi na moja, mpaka vidole vikafa ganzi. Daktari ndiye aliyeachia. Alipanda taratibu, akampita Winchi kwa karibu, wakasalimiana kwa kichwa. Aliposhuka alipapasa chini ya viti, akaokota muhuri wake, akaufuta kwa leso, akautia mfukoni. Jumatatu iliyofuata aliutumia mara nne.

Winchi alifukuzwa kazi kwa barua ya pili, aliyopandishiwa ndani ya kapu pamoja na mkate. Aliikunja, akaiweka kichwani kama kofia. Wenzake hawakufukuzwa, kwa kuwa malori saba yalikuwa yakisubiri kupakiwa. Lakini wiki hiyo wawili hawakushuka kipande kilipoisha, na wiki iliyofuata wengine wanne. Mwendesha mashine alibandika tangazo mlangoni: Walio juu wasidondoshe makombo. Walio chini wasiwaulize watashuka lini.

Fundi cherehani alikuja kila alasiri. Kipande kilipoanza alivua viatu, akapanda mpaka darini, akalala hewani kando ya mume wake, utepe wa kupimia ukiwaelea katikati kama mnyoo mrefu wa manjano. Kilipoisha alishuka.

"Ningeweza kubaki," alimwambia siku moja.

"Najua."

"Ila huo mkate haujirushi."

"Najua, mama watoto."

Akashuka, akavaa viatu, akarudi kwenye cherehani yake.

Kule ghalani kipuri hakikufika. Mahali palipokuwa na winchi pakawekwa meza ya msimamizi, kwa kuwa palikuwa na hewa nzuri. Mifuko ya walio darini iligawiwa walio chini, na nafasi zao zikatangazwa. Watu walijipanga kuziomba toka asubuhi.

Mmoja wa walioajiriwa alitoka kiwanda cha matofali, mtu wa shingo nene na maneno machache. Alianza Jumatatu. Ijumaa alifika kwenye dirisha la tiketi mkono mmoja ukiwa kiunoni, saruji kwenye nyusi, akalipa, akaingia ukumbini taa zikiwa bado zinawaka. Alisimama kwenye njia ya katikati, akainua kichwa polepole kadiri shingo ilivyomruhusu. Akawahesabu watu saba.

"Shikamooni."

"Marahaba," walimjibu toka juu.

"Kuna nafasi?"

Winchi akasogea.