Bibi Harusi wa Bayon

Asubuhi hiyo Rachana hakuwa na kazi. Wageni aliopaswa kuwazungusha kwenye mahekalu ya Angkor na kamera zao walikuwa wamekwama kwenye uwanja wa ndege wa nchi nyingine, naye alikuwa bado kajilaza chumbani kwake mjini Siem Reap simu ilipolia. Alikuwa Sokunthea, mwenye duka la kukodisha mavazi ya kifalme kwa maharusi wanaotaka picha za kumbukumbu. Mpiga picha wake kashikwa na homa, na maharusi wameshapambwa, wanangoja kwenye hekalu la Bayon; Rachana, kwa kuwa naye hupiga picha, akamshikie nafasi.

"Halafu ni watu wazima hao," Sokunthea akaongeza. "Bibi harusi ana wajukuu. Usije ukawacheka."

Rachana alicheka palepale, akavaa viatu, akawasha pikipiki.

Aliwakuta juu, kwenye ghorofa ya tatu ya hekalu, katikati ya nyuso kubwa zilizochongwa kwenye mawe ya minara. Walikuwa wamesimama mlangoni wakiwa wamempa mgongo, mwanamke ana taji la dhahabu ya bandia na hariri ya zambarau, mwanamume kavaa shati jeupe lenye vifungo vinavyong'aa. Msichana wa vipodozi alikuwa akiwapepea. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, kwa hiyo Rachana hakupoteza muda kwa salamu ndefu. Aliunganisha viganja haraka kuwaamkia huku anahangaika na lenzi, akapiga goti moja chini, akaweka jicho kwenye kamera.

"Mama, geuka kidogo," alisema, kama anavyomwambia kila mwanamke wa umri ule. "Inua kidevu. Usiogope."

Bibi harusi hakugeuka mara moja. Mabega yalimkakamaa kwanza, kisha akageuka taratibu kama mtu aliyefumaniwa. Uso ulikuwa umepakwa poda nyingi, kope za kubandika, midomo myekundu. Rachana akazungusha lenzi mpaka uso ule ukatulia vizuri, na chini ya mdomo, upande wa kushoto, akaliona baka jeusi alilokuwa akilichezea kwa kidole alipokuwa mtoto mdogo.

"Mama?" alisema tena, na safari hii neno lilitoka kwa sauti nyingine kabisa.

Kamera ilimning'inia shingoni. Akakaa juu ya jiwe lililokuwa karibu, na watalii wakawa wanampita kwa pembeni. Aliyekuwa ameshika mkono wa mama yake ni Sarin, fundi wa injini za mitumbwi kule kijijini kwao ziwani, yule aliyebeba picha ya marehemu baba yake Rachana mbele ya jeneza siku ya mazishi. Sarin aliangalia vidole vya miguu yake.

Jambo la kwanza lililomjia Rachana akilini lilikuwa la kipuuzi. Aliuliza kama ni tangazo la biashara, kama duka limewakodi.

"Tunaoana," mama yake, Phally, akamjibu. "Baada ya sikukuu ya maji. Sokunthea alisema mpiga picha ni mwanamume, ndiyo maana nikakubali kuja."

Rachana aliuliza kama mdogo wake anajua. Vuthy ndiye aliyewaleta, mama akasema, yuko chini anakunywa maji ya muwa. Na majirani? Majirani walikuwa wameshapanga nani atapika nini. Kijiji kizima, kuanzia wauza samaki hadi watawa wa pagoda, kilijua. Asiyejua alikuwa yeye peke yake, ambaye kila wiki mbili alikuwa akifika pale na mashua iliyojaa wageni.

"Kwa nini mimi?" aliuliza. "Nimekukosea nini?"

Phally alitazama kando. Sarin alimgusa kiwiko, akamwambia polepole kwamba si lazima aseme leo.

"Niache niseme, maana nikiondoka hapa sitasema tena." Alimgeukia binti yake. "Tangu baba yako afe, ukija na wazungu wako unanikalisha dirishani na wavu wa samaki, unanipiga picha. Unaniambia nivae ile nguo iliyochakaa. Unaniambia nisicheke. Mwanangu, mimi huwa nacheka. Nacheka kutwa nzima. Ukisikika mlio wa mashua yako, Sarin anatokea mlango wa nyuma na mimi navaa ujane."

Picha ile ya mama dirishani ndiyo iliyompatia Rachana jina. Ilitundikwa kwenye ukumbi wa hoteli, na wageni walimwomba awapeleke kwa yule mjane wa ziwani. Hakuwahi kujiuliza yule mjane hufanya nini mashua ikishaondoka.

"Ungeniambia," alisema mwishowe.

"Nilijaribu mwaka jana. Ukasema mwanga unapotea."

Msichana wa vipodozi alikohoa, akakumbusha kwamba taji linatakiwa dukani kabla ya mchana kwa sababu kuna maharusi wengine. Hapo Phally akacheka, kicheko kikubwa kilichoonyesha pengo la jino, na Rachana akashtuka upya, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia.

Akanyanyuka. Alipiga picha harakaharaka, nyingi zikatoka na ukungu, na hakuwaambia wasimame vipi. Sarin alifumba macho karibu katika zote.

Baadaye walikula tambi za mchele kwa mchuzi wa samaki, wote wanne, kwenye kibanda nje ya geti. Vuthy alimtania kwamba kapauka kama prahoki, ile samaki ya kuvundika, ya mwaka juzi. Rachana alimsogezea bakuli lake. Mama alimwambia anamtaka harusini kama binti, akae na ndugu, asije na kamera wala mgeni hata mmoja. Akaitikia kwa kichwa.

Walipoondoka kuelekea ziwani, Rachana alimpigia kiongozi wa kundi la watalii lililokuwa lije Jumamosi. Alimwambia safari ya kwa mjane imefutwa. Yule mtu akauliza kwa huzuni kama bibi amefariki.

"Hapana," Rachana akasema, akakata simu, akabaki amesimama kando ya pikipiki bila kujua aelekee wapi.